Mwanachuoni na mvuvi wa Heuksando: kipi kilitokea, kipi kilibuniwa

Swali la msomaji: Nimetazama filamu ya Kikorea isiyo na rangi, The Book of Fish, ya bwana mkubwa aliyehamishiwa kisiwani akajenga urafiki na kijana mvuvi. Nusu saa ya kwanza ilinipita kabisa: majina yanafanana, watu wanakatwa vichwa sijui kwa kosa gani. Baadaye ikanikamata hadi mwisho. Je, watu hawa walikuwepo kweli? Mfungwa gani anatembea huru kisiwa kizima? Na kijana maskini anawezaje kumkataa mwalimu wa bure? Nataka kuitazama tena, nianzie wapi?

Jibu:

Walikuwepo wote wawili, ila ushahidi juu yao haulingani hata kidogo. Kumhusu bwana mkubwa, Jeong Yak-jeon (1758–1816), zipo barua, yapo maandiko yake, na upo wasifu wa kaburini ulioandikwa na mdogo wake. Kumhusu Chang-dae tuna mistari michache katika dibaji ya kitabu kimoja, na ndani ya kitabu hichohicho sehemu kadhaa ambapo mwandishi anatanguliza "Chang-dae amesema". Basi. Kwa hiyo historia imetuachia alichopewa mwanachuoni. Alichopata kijana haikukiandika. Filamu ya Lee Joon-ik, iliyotoka Machi 2021, imebuni upande huo uliokosekana, na imeujenga kwa mambo ya kweli yaliyowapata watu wengine wa zama hizo. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya utata inaisha.

Tuanze na majina, maana ndiyo yaliyokupoteza. Kwa Wakorea jina la ukoo hutangulia, kwa hiyo "Jeong" ni ukoo. Silabi inayofuata, "Yak", ni ya kizazi: ndugu wote wa kiume wa kizazi kimoja huishiriki. Kinachomtofautisha mtu na nduguye ni silabi ya mwisho peke yake. Mkubwa wao ni Yak-hyeon, anafuata Yak-jeon, kisha Yak-jong, na wa mwisho ni Yak-yong. Mtazamaji akisikia "Yak" akadhani amemtambua mtu, ameshapotea. Sikiliza mkia wa jina: jeon ndiye anayekwenda kisiwani, jong ndiye anayeuawa, yong ndiye anayebaki bara akiandika vitabu. Huyo wa mwisho (1762–1836) ndiye maarufu zaidi, Wakorea humwita kwa jina lake la kalamu, Dasan, na kila mtoto wa shule Korea anamjua. Kaka yake aliishi karne mbili ndani ya kivuli hicho, na filamu inalijua hilo vizuri.

Sasa kosa lao. Mfalme Jeongjo alifariki mwaka 1800. Alikuwa amewainua watu wa kundi la Namin, yaani Watu wa Kusini, ambalo ukoo wa Jeong ulikuwa ndani yake, mbele ya kundi kubwa la Noron lililozoea kushika madaraka. Mwanawe Sunjo alirithi kiti akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, na utawala ukashikwa na Malkia Mkuu Jeongsun, mjane wa mfalme aliyetangulia kabla ya Jeongjo, ambaye ukoo wake ulikuwa upande wa Noron. Silaha iliyokuwa karibu ni Ukatoliki. Dini hiyo iliingia Korea kupitia vitabu vilivyotoka China, wanachuoni wakavisoma kama elimu ya Magharibi kabla baadhi yao hawajavisoma kama imani. Mwaka 1784 Yi Seung-hun, mume wa dada yao akina Jeong, alibatizwa Beijing. Mwaka 1791 binamu yao wa upande wa mama, Yun Ji-chung, alichoma vibao vya mizimu ya ukoo wake kwa sababu ya imani hiyo, akauawa.

Hapo ndipo penye uzito ambao mtazamaji wa nje haupati. Katika Joseon, yaani Korea ya zama hizo, vibao vile na matambiko yake havikuwa jambo la nyumbani tu. Utii wa mtoto kwa baba ulikuwa ndio mzizi wa utii wa raia kwa mfalme, na anayeukata wa kwanza alihesabiwa kuwa ameukata na wa pili. Ndiyo maana dini hiyo iliitwa "elimu potofu" na ikahukumiwa kama uasi. Mwaka 1801 msako ukaanza. Yak-jong, aliyeamini kweli, hakukana, akauawa. Yi Seung-hun naye aliuawa. Yak-jeon na Yak-yong walikuwa wameshaiacha dini hiyo miaka kadhaa nyuma, na maandishi yaliyokamatwa kwa Yak-jong, akisikitika kwamba ndugu zake hawakutaka kuwa pamoja naye katika imani, yakasaidia kuwaokoa. Wakahamishwa: Yak-jeon kisiwa cha Sinji, Yak-yong Janggi, upande wa mashariki.

Wengi hudhani waliondoka mji mkuu mara moja tu. Hapana. Vuli ya mwaka huohuo alikamatwa Hwang Sa-yeong, mume wa binti ya kaka yao mkubwa, akiwa ameandika barua kwa askofu wa Beijing juu ya kitambaa cha hariri chenye urefu wa sentimita 62 na upana wa 38. Herufi zaidi ya 13,000, ndogo kama mbegu za ufuta, na ndani yake ombi la meli na askari wa Magharibi waje kuilazimisha Korea iruhusu dini. Serikali haikuhitaji ushahidi mwingine kwamba Wakatoliki ni wahaini. Ndugu wawili wakarudishwa mji mkuu, wakahojiwa upya, wakahamishwa tena: Yak-yong Gangjin, kwenye pwani ya kusini, na Yak-jeon kisiwa cha Heuksando. Walisafiri pamoja hadi kwenye nyumba ya wageni ya Yuljeong karibu na Naju, wakaachana hapo mwezi wa 11 kwa kalenda ya mwezi. Hawakuonana tena. Tukio hilo katika filamu halikutiwa chumvi.

Swali lako la mfungwa anayetembea ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu urafiki mzima umesimama juu yake. Sheria ya Joseon ilikuwa na ngazi tano za adhabu: fimbo nyembamba, fimbo nene, kazi ngumu kwa miaka, uhamisho, na kifo. Uhamisho basi ulikuwa chini ya kifo kwa hatua moja tu. Kanuni zilichukuliwa kutoka China na zilitaja umbali wa li (kipimo cha umbali cha Kichina) 2,000, 2,500 na 3,000, lakini Korea haina ardhi ya kutosha kumpeleka mtu li 3,000 kwa mstari ulionyooka, hivyo umbali ukapunguzwa na ukali ukatafutwa kwingine. Mbaya zaidi kulikuwa kuzungushiwa nyumba boma la miiba, au kutupwa kisiwa cha mbali. Hakukuwa na idadi ya miaka. Ulikaa mpaka msamaha au mpaka ufe.

Gereza halikuhitajika kwa kuwa bahari yenyewe ilikuwa ukuta. Heuksando iko zaidi ya kilomita 90 kutoka Mokpo. Leo boti ya kasi hutumia kama saa mbili, wakati ule tanga likisubiri upepo mzuri lilitumia siku. Serikali haikumlisha mhamishwa wala kumjengea. Ilimkabidhi kwa mwenyeji wa kisiwani aliyewajibika kumpa mahali pa kulala, kumlisha na kujibu endapo atatoroka. Mzigo huo uliangukia watu ambao wenyewe hawakuwa na mchele wa kutosha. Katika filamu mwenyeji ni mwanamke anayeitwa Gageo-daek, na hilo si jina hasa: maana yake ni mwanamke aliyetoka Gageo, kisiwa kilicho mbali zaidi, kama vile mtu angeitwa "yule mama wa Pemba". Lee Jung-eun anaicheza nafasi hiyo kwa wepesi unaoweza kukudanganya. Kila bakuli analoliweka mbele ya mgeni ni kodi ambayo hakuombwa ridhaa. Yak-jeon kweli alipata watoto wawili wa kiume na mwanamke wa kisiwani, Hak-so na Hak-mae.

Mhamishwa mwenye elimu alikuwa na kitu kimoja cha kulipa: kusoma na kuandika. Ndiyo maana wengi wao walifungua madarasa. Yak-jeon alifundisha watoto katika kijiji cha Sari, na darasa lililojengwa upya lipo hadi leo kwa wageni wa Heuksando. Utaona basi kwamba biashara ya filamu, wewe nipe samaki mimi nikupe herufi, si wazo la ajabu la mwandishi. Ndivyo uhamishoni kulivyoendeshwa.

Sasa tufike kwa Chang-dae. Dibaji ya Jasaneobo, kitabu cha Yak-jeon cha samaki kilichokamilika mwaka 1814, inaeleza kwamba viumbe wa bahari ya Heuksan ni wengi sana na wenye majina yanayojulikana ni wachache. Mwandishi akawauliza watu wa kisiwa, lakini kila mtu alisema lake, hapakuwa na la kushika. Kisha akasikia habari za Jang Chang-dae, ambaye jina lake la heshima lilikuwa Deoksun: mtu anayefunga mlango wake, asiyependa wageni, mwenye mapenzi makubwa na vitabu vya kale. Nyumba yao ilikuwa maskini, vitabu vichache, kwa hiyo hata alipokuwa hakiachi kitabu mkononi upeo wake haukuwa mpana. Lakini alikuwa mtulivu na makini, aliangalia majani, miti, ndege na samaki kwa undani mpaka akafahamu tabia zao, na maneno yake yaliaminika. Yak-jeon akamkaribisha, wakakaa pamoja wakichunguza na kupanga.

Rudia maelezo hayo polepole. Hayamwiti mvuvi. Hayasemi ni mtoto wa nje ya ndoa, hayasemi alimkataa Yak-jeon, hayasemi alikwenda bara kutafuta cheo. Hata umri hautajwi. Mtu wa dibaji ni mpweke msomaji. Kijana anayechezwa na Byun Yo-han, mwenye misuli na hasira, ni wa filamu. Kinacholingana ni viwili tu: njaa ya vitabu, na macho yanayoaminika. Mwandishi wa filamu, Kim Se-gyeom, ameviokota hivyo viwili akavijengea maisha.

Macho hayo yalikuwa makali kiasi gani? Kwenye habari za cheongeo, yaani heringi, kitabu kinamnukuu Chang-dae kwamba wale wa Yeongnam, upande wa mashariki, wana pingili 74 za uti wa mgongo, na wale wa Honam, magharibi, wana 53. Usiichukue hesabu hiyo kama ya maabara. Kilicho kikubwa ni njia: mtu asiye na chuo alijua kwamba samaki wanaofanana kwa ngozi wanaweza kuwa watu wa mbari mbili, na kwamba jibu liko ndani ya mfupa. Wanasayansi wa uvuvi walikuja kutumia hesabu ya pingili kwa kazi hiyohiyo baadaye sana. Mtu wa kuhesabu mifupa ya samaki mmoja baada ya mwingine hapatikani kirahisi, na Yak-jeon alimtambua alipomwona.

Kitabu chenyewe kina makundi makubwa manne: samaki wenye magamba, wasio na magamba, wenye makombe na magome, na mchanganyiko, ambamo waliwekwa wadudu wa bahari, ndege, wanyama na mwani. Jumla ni aina 226. Kila kimoja kina umbo, ukubwa, rangi, ladha, msimu wake na namna kinavyonaswa. Hakina picha hata moja. Yak-jeon aliwahi kufikiria kuchora. Mdogo wake akamwandikia kwamba maneno yatamtumikia vizuri kuliko michoro na rangi. Ushauri huo ndio uliomfunga kwa Chang-dae. Mchoraji anaweza kuchora samaki aliyekufa juu ya jamvi. Mwandishi wa maneno lazima ajue samaki anafanya nini chini ya maji, na hilo halijulikani mezani.

Mfano bora ni yule samaki wa chini anayevua wenzake kwa kinyuzi kilichoota juu ya kichwa, chenye nyama nchani kama chambo. Anakaa kimya, mwenziwe akifuata chambo anamezwa. Kitabu kinamwita samaki wa uzi wa kuvulia, na kinaeleza kitendo chote. Mfano mwingine ni samaki aina ya taa aitwaye hongeo, fahari ya Heuksando mpaka leo. Imeandikwa kwamba jike akinasa ndoana, dume humparamia na wote wawili huvutwa juu: mmoja amekufa kwa ulafi, mwingine kwa tamaa ya mwili. Hapo mwanachuoni wa Konfusio, yule mwalimu wa maadili wa China ya kale, ameshindwa kujizuia, akaongeza kuwa ni onyo kwa wazinzi. Imeandikwa pia kwamba watu wa Naju humpenda akiwa amechacha. Anayeijua harufu ya papa aliyelala ataelewa: jamii hiyo hubeba urea mwilini, ikioza inageuka amonia, ambayo huzuia vijidudu vingine, na nyama inadumu bila chumvi ikiwasha pua. Katika filamu Chang-dae anaeleza kwamba njia ya taa wa aina moja huijua taa wa aina hiyo, na njia ya wa aina nyingine huijua mwenyewe. Mwanachuoni ananyamaza. Ndipo anapotambua kwamba miaka yote amesoma njia za watu bila kuwauliza wapitao.

Hapa nisahihishe jambo linalorudiwa sana. Jasaneobo si kitabu cha kwanza cha samaki Korea. Kim Ryeo, mhamishwa mwingine wa msukosuko uleule wa 1801, alimaliza chake, Uhaeieobo, huko Jinhae mwaka 1803. Wanachuoni wawili wametupwa pwani mbili tofauti wakaandika samaki bila kushauriana. Ukimnyima msomi vitabu na siasa ukamwacha ufukweni, ataanza kuhesabu alichonacho. Aidha nakala ya mkono wa Yak-jeon imepotea. Tunachokisoma kimetoka kwenye nakala za wengine, na kimeongezewa maelezo marefu kutoka vitabu vya China na Yi Cheong, mwanafunzi wa Yak-yong. Kwa hiyo ndani yake mna sauti tatu: mwanachuoni, mtu wa kisiwa, na mwanafunzi wa maktaba. Ya katikati ndiyo isiyopatikana kwingine.

Kuhusu kumkataa mwalimu wa bure: kwa Chang-dae wa filamu, Yak-jeon ni mhalifu wa elimu potofu, aliyegusa dini inayochoma vibao vya wazee. Kijana huyu anataka kuwa binadamu kamili kwa kipimo pekee anachokijua, cha Konfusio, na kujifunza kwa msaliti kungemtia doa kabla hajaanza. Kinaya ni kwamba bwana wa daraja la juu ameshaanza kuchoka na kipimo hicho, na maskini ndiye anayekitetea kwa jino na ukucha. Anatetea mlango uliofungwa mbele yake mwenyewe. Watoto waliozaliwa na masuria, hata baba akiwa yangban, yaani bwana wa daraja la juu, walizuiwa kwa vizazi kufanya mtihani mkuu wa utumishi. Jeongjo aliulegeza mlango huo kidogo na kuwapa baadhi yao kazi kwenye maktaba ya kifalme, ila haukufunguka. Filamu ilipomfanya Chang-dae mtoto wa nje wa yangban wa bara, ilimpa sababu ya kutamani na ya kushindwa kwa pamoja.

Sehemu ya mwisho, Chang-dae anapofika bara na kutumikia ofisi ya Naju, huwachanganya watazamaji kwa sababu filamu haifafanui kodi. Zilikuwa tatu. Ya kwanza ya ardhi. Ya pili ilikuwa ya jeshi: tangu 1750 kila mwanamume wa kawaida mwenye umri wa kutumika alitoa jora moja la kitambaa kwa mwaka badala ya mawili ya zamani. Pengo la mapato likazibwa, pamoja na mengineyo, kwa kodi za uvuvi, chumvi na vyombo vya baharini, na ndipo mkono wa serikali ulipofika hadi visiwani. Ya tatu ilikuwa mkopo wa nafaka: unapewa masika, unarudisha vuli na nyongeza ya sehemu moja ya kumi. Kwa karatasi ni msaada wa njaa. Kwa vitendo makarani walilazimisha watu wakope, wakachanganya mchanga na makapi kwenye magunia, na kudai nafaka safi wakati wa kulipa. Kodi ya jeshi ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu kila wilaya ilipangiwa idadi, na watu wakipungua, majina ya marehemu yaliachwa kwenye daftari na vichanga wakaandikishwa.

Lile tukio la mwanamume anayejikata uume mbele ya maofisa, lililokufanya pengine ugeuze uso, lina chanzo. Mwaka 1803 huko Gangjin, Yak-yong alisikia habari za mtu aliyefanya hivyo baada ya mtoto wake wa siku tatu kuingizwa kwenye daftari la jeshi na ng'ombe wake kuchukuliwa, akaliandikia shairi. Baba wa mtu huyo alikuwa ameshakufa lakini bado anatozwa. Filamu imelihamisha tukio kwa wakati na mahali ili Chang-dae alione kwa macho yake. Nadhani ni uamuzi sahihi, kwa kuwa bila hilo kurejea kwake kisiwani kungeonekana ni hasira za kijana tu.

Pia kuna kosa dogo la wakati, au tuseme uhuru wa msanii. Filamu inaweka njia mbili mbele ya Chang-dae: ya Mokminsimseo, mwongozo wa Yak-yong wa namna ofisa anavyopaswa kutawala wilaya, na ya Jasaneobo. Mwongozo huo ulikamilika mwaka 1818, miaka miwili baada ya Yak-jeon kufa. Na lile ungamo la Yak-jeon, kwamba anatamani nchi isiyo na yangban wala mtumwa, isiyohitaji hata mfalme, usilitafute kwenye maandiko yake. Hayo ni maneno ya filamu. Alichokiandika kweli kuhusu serikali ni cha chini kwa chini zaidi: mwaka 1804 alitunga andiko juu ya sera ya misonobari, akionyesha kwamba sheria kali za kulinda miti hiyo kwa ajili ya meli ziliwafanya wananchi waing'oe michanga kwa siri, maana mti ukikua ulileta ofisa na ofisa alileta gharama. Aliandika pia safari ya Mun Sun-deuk, mfanyabiashara wa samaki taa kutoka kisiwa cha Uido, aliyepotezwa na dhoruba akafika Ryukyu (Okinawa ya leo) kisha Luzon (Ufilipino), akarudi kupitia Macau na China mwaka 1805. Bila mhamishwa yule kumsikiliza, safari ile ingebaki hadithi ya jioni.

Ukiniuliza ushahidi wenye nguvu zaidi wa urafiki wake na watu wa visiwa, siutafuti kwa Chang-dae. Nautafuta kwenye wasifu wa kaburini. Yak-yong anaandika kwamba kaka yake aliacha majivuno ya daraja lake, akawa akinywa na wavuvi, nao wakagombania nani akae naye. Mwaka 1814 zilipokuja habari kwamba Yak-yong ataachiliwa, Yak-jeon alisema hawezi kumwacha mdogo wake avuke bahari mara mbili kumfuata, akataka kuhamia Uido iliyo karibu zaidi na bara. Watu wa Heuksan wakakataa. Akaondoka usiku kwa mashua na familia yake, wakamfukuza, wakamrudisha. Ilimchukua kama mwaka mzima wa kuwasihi ndipo wakamwachia. Amri ya kumwachilia Yak-yong ikakwama ofisini. Yak-jeon alisubiri Uido mpaka akafa mwaka 1816, na mdogo wake aliachiliwa mwaka 1818.

Barua za ndugu hawa nazo zina mengine ya kukufanya utabasamu. Yak-jeon alilalamika kwamba hali nyama, kisiwa ni samaki tu. Jibu la Yak-yong lilikuwa na hesabu: mbwa wa kisiwani wapo, atege, na mbwa 52 kwa mwaka watamtosha. Akaeleza hata namna ya kuwapika, na ufuta wa Kikorea akamtumia.

Utakapoitazama tena, fanya hivi. Chagua nakala yenye sauti ya asili na maandishi ya tafsiri chini ya picha. Zile zilizotafsiriwa kwa sauti, za kibanda umiza, zinafaa kwa filamu za mapanga lakini hapa zitakuharibia: Kikorea hubeba daraja la mtu kwenye mwisho wa kitenzi, na sikio lako litaanza kuisikia heshima ya Chang-dae ikipanda na kushuka hata kama hujui neno. Maandishi ya tafsiri hulainisha hayo yote, kama mtu aliyefuta kila shikamoo kwenye mazungumzo ya Kiswahili. Dakika ishirini za mwanzo simamisha kila jina jipya likitajwa na ujiulize: jeon, jong au yong? Kisha angalia nani amekaa juu na nani chini kila wawili hawa wanapokutana, barazani, uani, ndani ya mashua. Baharini mpangilio unageuka. Usitafute milima ya Heuksando yenyewe. Nyumba ya Gageo-daek ilijengwa kwa ajili ya upigaji picha kwenye kisiwa cha Docho, kilicho wilaya moja na Heuksando, ya Shinan.

Na lipo neno moja la kushika kabla ya kufika mwisho. Heuksan maana yake ni mlima mweusi. Yak-jeon anaeleza kwenye dibaji kwamba jina hilo lilikuwa la giza na la kutisha, na watu wa nyumbani kwake katika barua waliandika Jasan badala yake. Herufi ja nayo ina maana ya weusi, ila ni weusi wa aina nyingine, usiomfunga mtu pumzi. Kitabu kikapewa jina hilo. Rangi hujitokeza mara chache sana kwenye filamu hii. Itakapojitokeza, angalia kisiwa kinaitwa jina gani wakati huo.